Lango la Nyangi

Mimi ni Nikodemo, niliyekuwa mwendesha mashine ya kusaga ya kijiji chetu, kule upande wa Nyansurura. Nasema mapema ili tusije tukagombana baadaye: sina subira na mtu anayedhani biashara ni kuuza na kununua tu. Kuuza na kununua hata mlevi anaweza. Biashara ni kujua. Ni ghala kujua duka limeishiwa nini, duka kujua lori linaondoka lini, na mwenye lori kujua mashine imebakiwa na dizeli kiasi gani. Hayo nilifundishwa na mjane mmoja muuza chumvi aitwaye Nyangi, na nikiikumbuka siku ya ngozi nyeupe, mpaka leo moyo unanienda mbio kama injini yangu ilipokuwa mpya.

Nyangi alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde. Sauti hiyo hakuiokota. Baba yake hakujaliwa mtoto wa kiume, basi binti akapewa fimbo akaenda kuchunga. Watu walicheka, lakini ng'ombe wa mzee yule hawakupotea hata siku moja. Nyangi akakua, akaolewa kijijini kwetu, na mumewe akafariki mapema, akamwachia binti wawili.

Kwa desturi, mdogo wa marehemu, Machage, alikuwa na haki ya kumrithi. Machage hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ng'ombe wengi, wake wawili na mazoea ya kuamuru kila kitu, hata jua lingemsikia angeliambia lisogee. Nyangi hakumtaka, na hakuwa na mahali pa kukimbilia. Ndipo tukahamia kijiji cha ujamaa, nyumba zikajengwa kwa mstari, likafunguliwa duka la kijiji. Nyangi alikuwa amefaulu masomo ya watu wazima na hanywi pombe, tukamchagua auze. Akapewa na chumba nyuma ya duka, yeye na binti zake.

Tangu siku hiyo mazungumzo yao yakawa ni yaleyale. Machage angepita barazani na kusema, "Shemeji, unarudi lini nyumbani?"

Naye angemjibu huku akipima sukari, "Nikilifunga duka, shemeji."

Sote tulielewa. Duka lilikuwa riziki yake, lakini zaidi ya riziki lilikuwa mlango aliojifungia asiwe mke wa mtu asiyemtaka. Likianguka, mlango nao unakwenda.

Na duka lilikuwa linaanguka. Si kwa kosa lake, nitapigana na atakayesema hivyo. Kijiji kilikuwa na duka, ghala, mashine, josho, trekta na lori, na kila kimoja kilikuwa na kamati yake, na kila kamati ilikuwa na siri zake kama mganga. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Duka liliagiza majembe, yakaletwa watu wakiwa wanavuna. Tulipotaka magunia, tukaletewa majembe mengine. Dawa ya josho ilifika siku ambayo ng'ombe wote walikuwa wamepelekwa malisho ya mbali. Mimi nami siku moja niliishiwa dizeli mashine ikiwa imezungukwa na kina mama na mahindi yao, wakanitukana mpaka nikajificha nyuma ya tangi la maji. Dizeli ilikuwepo! Madumu yalijaa ghalani, hatua chache kutoka niliposimama. Yaliletwa kwa ajili ya trekta, na hakuna aliyeniambia kwa sababu mimi si kamati ya trekta.

Aibu kubwa kuliko zote ilikuwa lori. Wilaya ilitupa Bedifodi ya zamani ili tusafirishe mazao yetu, tukaipokea kwa ngoma. Msimu wa kwanza ilifanya kazi vizuri sana. Msimu wa pili ikaanza kwenda mjini tupu na kurudi tupu, inapiga kelele barabarani kama debe, huku ghala limejaa mpaka mlango haufungi.

Basi siku moja Mwenyekiti Selestine akaitisha mkutano wa kijiji. Selestine alikuwa mtu mpole, na siku hiyo upole ulikuwa umemtoka.

"Ndugu zangu," alisema, "nimeitwa wilayani Mugumu. Wameniambia lori letu linazurura. Pamba ya msimu huu ikiisha kusafirishwa, kama mambo ni haya haya, linakwenda kijiji cha ng'ambo ya mto."

Ukazuka mzozo! Machage, aliyekuwa mkuu wa kamati ya usafiri, akasimama na kunyoosha fimbo. Kwa maneno yake, ubaya wote ulitoka dukani: duka haliagizi kitu kwa wakati, kwa hiyo lori halina cha kurudi nacho. Akataka duka lifungwe, tununue chumvi kwa jirani.

Nyangi akasimama. Sauti ilikuwa ile ya bondeni.

"Nipeni mpaka pamba iishe," alisema. "Nipeni ruhusa ya kuuliza kila kamati ninachotaka, na wanijibu. Lori likihamishwa, nitamkabidhi Mwenyekiti ufunguo wa duka, na chumba nitatoka."

Machage akakaa chini taratibu, anatabasamu. Nilitamani kumtupia kiatu. Selestine akauliza kama tunakubali, tukakubali, na nusu yetu tulikubali kwa sababu tulikuwa na njaa.

Kesho yake Nyangi akaanza kuzunguka. Alikuja kwangu mashineni akasimama tu, akiangalia nani anakuja na nini. Akaenda joshoni. Akaenda shamba la pamba. Mwisho akaja akakaa juu ya gunia la pumba, akaniuliza swali la ajabu.

"Nikodemo, harusi ya Nashoni ilikuwa lini?"

Nashoni alikuwa dereva wetu, kijana mchangamfu kutoka upande wa Tarime, anayeendesha lori kama anampembeleza mgonjwa. "Mwaka jana," nikasema, "baada ya mavuno. Nilikula mpaka nikashindwa kuinama."

"Na lori lilianza kwenda tupu lini?"

Nikahesabu misimu kwa vidole: ni tangu harusi ileile! Maana Nashoni alikuwa amemwoa binti wa Wegesa, na Wegesa ndiye mtunza ghala!

Kama wewe si wa kwetu, nikueleze. Mkwe na mama mkwe kwetu hawatazamani. Hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono, hawasemeshani ana kwa ana. Akitokea huku, wewe pita kule. Ni heshima, na Nashoni na Wegesa wote wawili walikuwa watu wa heshima kupindukia. Tulipomchagua mtunza ghala tulichagua mwanamke mwaminifu kuliko wote. Tulipoomba dereva tulipata dereva stadi kuliko wote. Halafu tukacheza ngoma kwenye harusi siku nzima, na hakuna aliyefikiri kwamba siku ileile tumekata njia kati ya ghala na lori.

Nyangi alimwita Nashoni dukani nami nikiwepo, akambana.

"Ukifika ghalani huwa unafanya nini?"

Nashoni akakuna kichwa. "Nafika mlangoni, dada. Nikisikia kikohozi cha mama, nageuka."

"Na kama hakohoi?"

"Nakohoa mimi. Halafu yeye anatoka kwa mlango wa nyuma anaenda zake mpaka niondoke. Nitamuuliza nani kama kuna mzigo?"

"Na turniboi wako, anayekusaidia mizigo?"

"Turniboi ni mdogo wa mke wangu, yaani mtoto wa mama. Anaogopa kubeba maneno, yakienda vibaya ataonekana amenigombanisha na mama yake."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nyangi hakucheka. Machage aliposikia, alisema dawa ni rahisi, Wegesa aondolewe ghalani. Hapo Nyangi akawaka.

"Shemeji, heshima si ugonjwa! Hawa wametunza heshima yao, sisi ndio tumeshindwa kutengeneza njia ya maneno kupita. Nani kati yenu amewahi kumpa Wegesa mahali pa kusemea?"

Njia aliyoitengeneza aliitoa zizini. Mchungaji wa kwetu hawanyooshei ng'ombe kidole kuwahesabu, ni mwiko. Jioni anasimama langoni, wanapita mmoja mmoja, anawajua kwa rangi zao. Asiyerudi, nafasi yake inapiga kelele yenyewe. Nyangi alisema kijiji chetu kina mifugo mingi na hakina lango. Kila mali inaingia kwa upande wake na kutoka kwa upande wake, na hakuna anayeiona yote ikipita.

Akatufanya tuchonge vigingi tuvikaze kwenye ukuta wa baraza ya duka. Akaenda kwa mtengeneza ngozi akaomba vipande. Kipande cheusi kilikuwa dizeli, cha kijivu chumvi na vitu vya dukani, cha madoadoa dawa ya josho. Chekundu kilikuwa na maana ya ghala lina mzigo, lori lije. Ukipungukiwa, unatundika ngozi yako kabla hujaishiwa, si baada. Yeyote anayeweza kulitimiza hilo jambo akiiona, anasema kwa sauti, "Nimeona." Likitimia, huyo huyo ndiye anayeishusha. Asiyejua kusoma aliona, aliyejua kusoma aliona.

Na kila jioni, ng'ombe wakirudi, wenye kazi wote tulipita pale barazani, ndilo likawa lango letu. Nyangi alisimama mlangoni na kumuuliza kila mmoja: kwako kimeingia nini, kimetoka nini, kesho unataka nini. Wegesa alipita mapema, anakaa nyuma ya pazia la duka pamoja na chumvi, na Nashoni alikaa nje kwenye ngazi. Maneno ya Wegesa yalitoka ndani yakaenda kwa Nyangi, na masikio ya Nashoni yalikuwa hapo hapo. Hakuna aliyemsemesha mwenzake. Heshima ilikaa, na mzigo ukasikika!

Sikiliza basi mambo yalivyobadilika. Lori lilipopeleka mahindi lilijua lirudi na magunia. Trekta iliposimama, madumu yake yalikuja kwangu kabla sijatundika cheusi, maana mwenye trekta alikuwa amenisikia jana yake nikisema kina mama wanaanza kusaga mtama. Josho lilisema dawa imekuja, wachungaji wakajua siku ya kurudi kutoka malishoni. Chumvi haikukatika. Nilikuwa napiga mluzi kazini, mimi ambaye nilizoea kununa. Mke wangu akaniuliza kama nimepata mwanamke mwingine.

Jioni moja Nashoni aliuliza, "Na mimi nikiwa mbali barabarani, hizi ngozi ndogo nitazionaje?"

Nyangi akasema, nusu anatania, "Kuna ngozi nyeupe ya fahali ambayo baba aliniachia, ndiyo ninayolalia. Ukiiona juu ya paa la duka, acha yote uje ghalani." Tukacheka, tukaenda kula.

Kilichobaki ni kwamba wilayani hawakujua. Sifa mbaya ya lori letu ilifika Mugumu zamani, na hii habari mpya ilikuwa bado inatembea kwa miguu.

Ikafika siku yenyewe. Pamba ya mwisho, iliyo bora kuliko yote, ilikuwa ghalani ikingoja lori asubuhi ya kesho. Nashoni alikuwa ametumwa Mugumu kuchukua dawa ya josho. Mchana upepo ukaanza, si upepo wa kawaida, wa kung'oa. Nikasikia kishindo mpaka ndani ya mashine, nikazima injini nikatoka mbio. Mabati ya ghala upande mmoja yalikuwa yameng'oka, moja limelala kwenye shamba la mtama. Na upande wa ziwani mbingu ilikuwa nyeusi tii.

Pamba ikilowa imekwisha. Inabadilika rangi, wanunuzi wanaishusha daraja au wanaikataa kabisa, na kijiji kilichoshindwa kuitunza pamba yake kitapewa lori la nini? Nilimwona Nyangi anatoka dukani anaangalia ghala, anaangalia mbingu. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Kisha akaingia ndani, akatoka na ngozi nyeupe.

"Nikodemo, ngazi!"

Machage alikuwepo. "Ngozi juu ya paa?" akapiga kelele. "Tumekuwa wachawi sasa? Mtu yuko Mugumu!"

"Hayuko Mugumu," Nyangi akasema. "Jana langoni alisema dawa inatolewa asubuhi. Saa hizi yuko njiani."

Nilipanda. Naogopa sana kupanda juu, sijawahi kumwambia mtu, lakini nilipanda, na upepo ulikuwa unaivuta ile ngozi kama unataka kuruka nami. Nyangi akaja nyuma yangu na mawe kwenye kanga yake. Tukaitandaza, tukaikandamiza kwa mawe. Watu walikuwa chini wanapiga mayowe, na Wegesa alikuwa ndani ya ghala akisukuma magunia peke yake kwenda upande wenye bati, mwanamke mwenye wajukuu!

Kilichotokea barabarani alinisimulia Nashoni mwenyewe. Pembeni yake ndani ya lori alikuwa amekaa ndugu Wangwe, afisa mdogo wa wilaya aliyesomea mambo ya ushirika Moshi. Alikuwa ametumwa alichukue lori siku ileile alipeleke ng'ambo ya mto, maana wilayani walidhani pamba yetu imekwisha. Nashoni alikuwa anaendesha huku anafikiri atatuambia nini. Walipofika njia panda kule kilimani, afisa akamwambia kata kushoto. Nashoni akatazama bondeni, akaona kitu cheupe juu ya paa la duka.

"Samahani, ndugu," akasema, "nimeona."

"Umeona nini?"

Alikata kulia, na afisa akashika mlango kwa mikono miwili mpaka chini.

Sisi tuliisikia Bedifodi kabla ya kuiona. Watu walipiga vigelegele! Ikaja moja kwa moja ghalani bila kusimama dukani. Lakini mlango wa ghala ulikuwa mwembamba, na pembeni yake kulikuwa na mtaro wa maji. Lori lilipaswa kurudi kinyumenyume lifike mlangoni kabisa, maana tone la kwanza lilikuwa limekwisha kunipiga puani. Kijiji kizima kikaanza kumwongoza dereva. "Kulia!" "Kushoto wewe!" "Nyuma! Simama! Nyuma!" Gurudumu likachungulia mtaro. Aliyekuwa anauona vizuri ule mtaro na mlango kwa pamoja alikuwa mtu mmoja tu, Wegesa, ndani ya ghala. Na Nashoni alipojua mama mkwe yumo mlangoni, akanyoosha mkono akakigeuza kioo cha pembeni kisimwonyeshe!

Nilirusha kofia yangu chini kwa hasira. Pamba inalowa, na hawa wanaheshimiana!

Nyangi aliita kwa ile sauti yake. "Nyamazeni wote! Mwenye ghala peke yake!" Akakimbia barazani, akachomoa chekundu na cheusi vigingini, akavirusha ndani ya ghala. Akatushika mimi na Machage, akatuwekea turubai mikononi, tukaliinua mlangoni kama pazia. Wegesa akajificha nyuma yake. Ukatokea mkono mmoja tu pembeni ya turubai, umeshika ngozi nyekundu.

Nyekundu maana yake kuna mzigo, njoo. Nyangi akaenda mpaka dirishani kwa Nashoni, akakirudisha kioo mahali pake. "Huyo si mama mkwe wako," akamwambia. "Hiyo ni ngozi. Iangalie."

Lori likarudi. Nyekundu ikipeperushwa upande wa mtaro, Nashoni anakata usukani kwenda upande wa pili. Nyekundu ikisimama wima, anakuja moja kwa moja. Kisha ikatoka nyeusi, na nyeusi kila mtu anaijua, bila dizeli hakuna kinachotembea. Lori likasimama papo hapo, ubao wake wa nyuma umegusa kizingiti.

Tukapakia! Mungu wangu, tulivyopakia! Tulipanga mstari, magunia yakapita mikono kwa mikono, Machage akiwa mbele yangu anahema kama fahali, na nyuma yangu mtu simjui amevua koti, amekunja mikono ya shati, anapokea na kupitisha. Gunia la mwisho lilipopanda, tulitupa turubai juu na kufunga kamba, na mvua ikashuka yote kwa mara moja. Tulisimama ndani yake tukicheka kama wendawazimu.

Yule mtu wa shati lililokunjwa ndiye alikuwa ndugu Wangwe. Tulikimbilia barazani, akaona ukuta wa vigingi, akauliza. Nyangi akamweleza, mwanzoni kwa woga, halafu kwa kujisahau, mkono mmoja unaonyesha ghala, mwingine unaonyesha mashine. Afisa alimsikiliza kama mtu aliyepata alichopoteza.

"Chuoni tulifundishwa hivi," alisema, macho yanang'aa. "Taarifa za ununuzi, za ghala, za usafiri, za mauzo, zote zikutane mahali pamoja, na kila idara izione. Walituambia ndiyo roho ya uongozi wa biashara. Lakini sikuwahi kuona ikifanya kazi mpaka leo. Niwaongezee kitu? Ngozi zenu zinasema ya leo. Wekeni na ubao wa chaki wa wiki ijayo, ili wanaopanga safari waone mbele."

Nyangi akapiga makofi. "Hilo ndilo lililokuwa linanisumbua!" Wakaanza kubishana ubao ukae wapi, kama watu waliojuana miaka. Baadaye afisa akamgeukia Mwenyekiti Selestine na kusema lori halitoki hapa, atakwenda Mugumu kueleza mwenyewe, na hata ng'ambo ya mto watafundishwa lango kabla ya kupewa lori lao. Selestine alilia. Nami nililia, ila mimi nilikuwa nimelowa, haikuonekana.

Mvua ikapita. Jioni ng'ombe wakarudi wakiwa wanang'aa, nasi tukaja langoni kama kawaida, hata afisa akakaa. Nyangi akasimama mlangoni. Akamuuliza Nashoni, akaniuliza mimi, akamuuliza wa josho, akamuuliza Machage habari ya usafiri. Wegesa akajibu ya ghala kutoka nyuma ya pazia: mabati yanahitajika, na misumari. Nyangi akatazama huku na huku, kama mchungaji anavyotazama kundi lililokwisha ingia.

"Basi wote wamepita," akasema.

"Hawajapita wote," sauti ya Wegesa ikatoka nyuma ya pazia. "Kuna mmoja hajapita. Kila siku unatuuliza tumepungukiwa nini. Wewe je, mwanangu? Umepungukiwa nini?"

Nyangi alishika mwimo wa mlango. Nilidhani atacheka ayapitishe, maana ndivyo alivyozoea. Badala yake akaingia ndani, akaichukua ile ngozi nyeupe ambayo tulikuwa tumeishusha, imelowa, inachuruza maji, akaitundika kwenye kigingi cha mwisho ambacho hakikuwa cha mtu.

"Nimepungukiwa amani," alisema. "Mimi si duka lililo wazi linalongoja kufungwa. Sitaki kurithiwa. Nataka nikae hapa na binti zangu kwa kuwa nimependa, hata siku ambayo sitakuwa muuzaji. Nimemaliza."

Hakumtazama Machage. Sisi wote tulimtazama. Mishipa ilimsimama shingoni, na fimbo ilikuwa inachora chini. Alikuwa amelowa, nguo zimejaa nyuzi za pamba, na mikono yake, kama yangu, ilikuwa imechubuka kwa magunia. Nilikaza ngumi, nilikuwa tayari kupigana naye pale pale mbele ya afisa.

Akainuka. Akaenda ukutani, akasimama mbele ya ngozi ya fahali.

"Nimeona," alisema.

Kisha akaishusha mwenyewe, akaikunja vizuri upande wa manyoya ndani, akampa kwa mikono miwili. "Ianike, shemeji," akasema, "isije ikaoza." Akatoka akaenda kuwafungia ng'ombe wake. Tangu siku hiyo alipita barazani kila jioni, na hakuuliza tena shemeji anarudi lini nyumbani.

Nyangi alikaa kwenye ngazi na ile ngozi mapajani, maji yanamlowesha, na hakujali. Mimi nilikwenda kutundika kipande changu cheusi, kwa sababu dizeli ilikuwa inapungua na kesho ilikuwa siku ya kusaga.